Fomu Kutoka Skuli

Imekuja kurasa nne, na muhuri,
imekunjwa ndani ya daftari la hesabu.
Yaarub kanikabidhi huku anatazama viatu vyake:
"Wanasema ujaze kwa kalamu nyeusi."

Ninayo ya buluu tu, ya kuandikia chakula cha samaki.

Aina ya shughuli.
Perege, naandika. Matangi kumi na moja.
Maji ya falaji huingia siku ya zamu yetu,
hukaa na samaki, hutoka mazito,
huenda kunywewa na mitende ya marehemu baba.
Mstari umekwisha. Mitende nimeiandika pembeni.

Idadi ya wafanyakazi.
Mmoja na nusu.
Nusu ni mimi, na hili goti.

Mwanzoni nilikataa. Mwalimu wa ufundi alipopiga simu
nikamwambia, mwanangu, hapa ni Mudhaibi, si bandarini Sohar,
hatuna ofisi wala kofia za njano,
mtoto wa miaka kumi na sita atajifunza nini kwangu,
kunuka shombo?
Akasema: Jumanne tu. Bima juu yetu.
Basi litamshusha barabarani.
Umeme asiguse, jua la saa sita lisimkute nje.
Na umpe kazi ya kweli, Bi Shinuna. Usimpe ufagio.

Nikampa ufagio. Jumanne mbili nzima.

Ya tatu nikamkuta kachuchumaa tangi la saba,
Shofiqul kamshikisha kamba ya kipimajoto,
wanasemezana lugha isiyo na kwao:
Kiarabu kilichoteguka mguu, Kihindi cha filamu,
na bismillahi kila wanapochota.
"Usitazame maji," Shofiqul anamwambia, "tazama midomo.
Samaki akija juu kubusu hewa, usicheke."

Bibi alirudi huku na cherehani na methali.
Samaki mkunje angali mbichi, akisema,
hata alipokuwa akikunja nguo.
Hakusema nani ashike kichwa, nani mkia.

Matukio, kama yapo.
Yapo.
Mwezi wa tano, joto limepita arubaini,
Yaarub alifunga hewa ya tangi la nne
asafishe kichujio. Akaitwa kula. Akasahau.
Tuliponawa mikono, perege mia mbili na kumi
wamelala ubavu, weupe kama sahani.
Hakulia. Alihesabu, mmoja mmoja, kwa sauti,
akaandika jumla daftarini, na jina lake mbele.
Nilifungua mdomo nimwambie asirudi,
nikaufunga, maana alikuwa bado anaandika.

Jumanne iliyofuata alishuka basini
na saa ya kengele ya jikoni kwao,
akaifunga kwa waya juu ya bomba.
Ipo mpaka leo. Inalia kama mbuzi.

Uangalifu wa mwanafunzi, moja hadi tano.
Kabla ya wale samaki, au baada?
Hawakuuliza.

Juzi jirani yangu wa nyuki alisimama ukutani:
Unamlipa? Nauli anapewa na skuli, nikamwambia,
mimi natoa wali, na samaki wawili wa kupeleka kwao.
Wangu atanivunjia mizinga, akasema.
Atauvunja mmoja, nikasema.
Akaondoka bila kuaga. Jioni kanitumia ujumbe
akiomba namba ya mwalimu.

Jina la mkufunzi.
Nimeandika langu, kwa mwandiko mzuri.
Nimelitazama.
Nimelikata.
Shofiqul, nimemwita, jina lako linaandikwaje kamili?
Kaja anafuta mikono kwenye lungi, kadhani ni mambo ya viza.
Shahada za mkufunzi, nikamsomea.
Akacheka mpaka akakohoa.
Kisha akawa hacheki.
"Andika miaka kumi na tisa," akasema.

Nimeandika. Kwa buluu.
Watairudisha, najua, watataka nyeusi,
watataka jina moja lisilokatwa.
Yaarub kaikunja, kaitia ndani ya hesabu,
na ile saa ikaanza kulia,
na sikuona nani kati yao aliyetangulia kukimbia.